Ruzuku ya mwanafunzi: Kenya na Tanzania

Ndugu, kama unataka kujua kati ya Kenya na Tanzania ni serikali ipi inayomtengea mtoto wa shule ya msingi zaidi, anza na ruzuku ya uendeshaji, yaani fedha ambazo serikali huipa shule kwa kila mwanafunzi ili ijiendeshe. Kenya ilipanga shilingi 1,420 za huko kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kwetu Tanzania, elimu bila ada ilipoanza 2016, kiwango kilikuwa shilingi zetu 10,000, na 4,000 kati yake zilibaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu, hivyo shuleni zilifika 6,000. Ukibadilisha fedha, Kenya inatuzidi zaidi ya mara mbili. Mishahara ya walimu haimo humo, nayo ndiyo inayokula bajeti kote kuwili. Lakini fikiria shule yetu ya watoto 500: milioni 3 tu mwaka mzima, chaki, mitihani na ukarabati humo humo! Inaniuma sana.