Si lazima mama achague kati ya vidonge na ziwa

Swali la juma hili lilikuwa: «Mama anayetumia dawa alizoandikiwa na daktari anyonyeshe, au aache?» Ninalijibu kama mama wa watoto wawili, mkazi wa Tanga, ninayeishi na kifafa tangu utotoni na ninayemeza kabamazepini asubuhi na jioni. Jibu langu ni kwamba mara nyingi mama anaweza kunyonyesha huku akiendelea na dawa, na kwamba hatari kubwa zaidi ni kuamua peke yake, kimyakimya, kama nilivyofanya mimi.

Nilipojifungua mtoto wa kwanza, muuguzi mmoja aliviona vidonge vyangu akaniambia nichague kimoja, dawa au mtoto. Kikaratasi cha maelezo kilichokuwa ndani ya boksi nacho kilisema mama anayenyonyesha asitumie bila ushauri. Nikamchagua mtoto. Nilivificha vidonge chini ya nguo kabatini na sikumwambia mtu, hata mume wangu. Siku ya tano nilianguka jikoni, na nilipozinduka nilimkuta wifi yangu amembeba mtoto huku analia, na uji wangu wa pilipili manga umemwagika sakafuni, bado unafuka mvuke, shubiri moja tu kutoka kwenye mkeka alipokuwa amelazwa mwanangu.

Daktari wa kliniki ya kifafa ndiye aliyenieleza jambo ambalo ningepaswa kuelezwa tangu ujauzito. Takriban kila dawa hupita kwenye maziwa, hivyo kuuliza kama inapita hakusaidii sana. Cha kuuliza ni inapita kiasi gani, na kiasi hicho kinamfanya nini mtoto wa umri ule. Wataalamu hulinganisha kipimo anachokipata mtoto kupitia maziwa na kile anachomeza mama, kwa kuzingatia uzito wa kila mmoja, na kikiwa chini ya asilimia 10 kwa kawaida huhesabiwa kuwa kinakubalika. Kabamazepini huwa chini ya hapo. Tena mwanangu alikuwa ameipata dawa hiyo hiyo tumboni kwa miezi tisa, kwa kiasi kikubwa kuliko cha maziwa. Kuhusu kile kikaratasi, aliniambia kwamba watengenezaji wengi huandika tahadhari kwa sababu dawa haikujaribiwa kwa wanaonyonyesha, si kwa sababu imeonekana kumdhuru mtoto.

Sisemi kwamba dawa zote ni sawa. Zipo ambazo mama hapaswi kunyonyesha akizitumia, kama vile dawa nyingi za saratani na iodini yenye mionzi. Kodeini, ambayo wengi huiona dawa ya maumivu tu, inaweza kumzuia mtoto mchanga kupumua sawasawa. Fenobabitali, dawa ya kifafa ya zamani na ya bei nafuu, humfanya mtoto asinzie na anyonye kwa ulegevu. Lakini hata hapo mama asikurupuke kumwachisha, kwa sababu mtoto aliyekwisha kuizoea anaweza kusumbuka ikikatika ghafla. Mtoto njiti, au aliye na siku chache tu, huangaliwa kwa makini zaidi, kwani ini na figo zake bado hazijakomaa kuondoa dawa mwilini.

Wanaosema «mpe ya kopo, yaishe» wakumbuke ya Botswana mwaka 2006, ambapo baada ya mvua kubwa ugonjwa wa kuharisha uliua watoto wengi, na waliokuwa hatarini zaidi walikuwa wale wasionyonya. Maziwa ya kopo yanahitaji maji safi, moto na fedha kila siku.

Kwa mtoto wa pili tulipanga mapema. Nilinyonyesha nikiwa nimekaa mkekani, mgongo ukutani, ili hata nikianguka asianguke kutoka juu. Sikumwogesha peke yangu. Usiku mume wangu alimpa kwa kikombe maziwa niliyokamua, nami nikapata usingizi, kwa maana kukesha ni miongoni mwa mambo yanayoniangusha haraka. Tulimtazama kama analala kupita kiasi, kama ananyonya kwa nguvu, kama macho yanageuka manjano, na tulimpeleka kwenye mzani mara nyingi kuliko ratiba ya kadi. Alinyonya hadi alipotimiza miaka miwili.

Mama mwenzangu, nenda kliniki ukiwa na boksi lenyewe la dawa, na uulize kabla ya kujifungua. Na muuguzi asiye na hakika aseme tu, «Ngoja niulize.» Mimi ningesubiri hata siku mbili, nikiendelea na vidonge vyangu na mwanangu yuko kifuani.