Usikubali Hoteli Yako Ipimwe kwa Bili Peke Yake

Dada mmoja anayesimamia matengenezo hotelini ameniandikia: "Kaka, makao makuu wametupanga kwa matumizi ya umeme na maji, tumeshika mkia. Meneja anataka maelezo Jumatatu. Nianzie wapi?"

Ujumbe huo umenitonesha kidonda. Hoteli niliyokuwa nikiitunza ilikuwa na dobi yake ndani: mashine za kufua, za kukausha, na boila ya mvuke inayowashwa kabla ya alfajiri. Hoteli iliyopewa tuzo mwaka ule ilikuwa ikipeleka mashuka na taulo zake kwa kampuni ya nje. Maji na nishati ya kuzifua hayakupita kwenye mita zao hata kidogo; sisi yetu yalihesabiwa yote. Tukaitwa wafujaji mbele ya wenzetu. Vijana wangu, waliokesha wakiziba mabomba yanayovuja, wakainamisha vichwa. Mpaka leo linaniuma.

Nikafunga mita ndogo kwenye dobi nikaanza kuyaandika matumizi yake peke yake. Nikachukua na mwongozo wa HCMI, utaratibu wa kimataifa wa kupima kaboni ya hoteli uliozinduliwa 2012, unaotaka nguo zinazofuliwa nje zihesabiwe pia. Tulipolinganishwa upya kwa msingi huo, tulipanda hadi karibu na kileleni. Nilijivunia, na bado najivunia.

Kwa hiyo dada, anza na mipaka: nani anafua wapi, nani ana bwawa, nani ana ukumbi wa mikutano. Kisha uliza matumizi hayo wameyagawanya kwa kipimo gani, idadi ya vyumba au ukubwa wa jengo. Hapa ndipo wengi wanaonewa. Tuseme hoteli inakula uniti 40,000 za umeme (uniti moja ni kilowati-saa moja) kwa mwezi hata bila mgeni, kwa majokofu, taa za korido, pampu na viyoyozi vya maeneo ya pamoja, na kila chumba kinacholala mgeni kinaongeza uniti 10 kwa usiku. Mwezi wenye vyumba 2,000 vilivyouzwa, unapata uniti 30 kwa chumba. Wageni wakipungua nusu, zinakuwa 50. Hakuna aliyefuja chochote. Biashara tu imelala. Ndiyo maana mimi hudai hesabu mbili, kwa chumba kilichouzwa na kwa mita ya mraba, na hoteli za hali ya hewa moja zishindanishwe zenyewe kwa zenyewe.

Dizeli ya jenereta na gesi ya jikoni zisiachwe nje. Lita moja ya dizeli ina takriban uniti 10 za nishati.

Maji nayo, soma mita saa nane usiku, kisha saa kumi. Wageni wamelala, dobi imezimwa. Mshale ukiendelea kuzunguka, una uvujaji, na mara nyingi ni tangi la choo.

Ndugu zangu wa matengenezo, tujifunze kuandika! Anayeandika masomo ya mita kila siku hababaishwi na anayekuja na bili mara moja kwa mwezi. Andika leo, andika kesho, andika hata siku ya sikukuu.

Dada, kama nanyi mnafua wenyewe, Jumatatu ingia na masomo ya mita ya dobi mkononi. Wakikataa kuyatazama, waombe kwa maandishi wakutajie ni hoteli zipi kwenye orodha ile zinafua zenyewe.