Muulize Babu Baharia: Barabara ya 42 kabla haijaoshwa

SWALI: Shikamoo babu. Kaka yangu yuko Marekani, na juzi alinirushia picha amesimama Times Square, New York. Taa tupu, watoto wanalamba aiskrimu. Nilipomwonyesha baba akacheka, akasema niwaulize wazee wa meli pale palikuwaje. Ni kweli palikuwa pabaya hivyo? Nani alipasafisha? Na mbona wengine wanalia eti zamani palikuwa patamu zaidi?
Mjukuu wako, Makorora, Tanga

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Baba yako ana mdomo, lakini hapo hakukosea.

Nilifika mara mbili, 1978 na 1986, nikiwa mpaka grisi kwenye meli za mizigo. Mara ya kwanza tulifunga Brooklyn. Wenzangu wa chumba cha mashine wakaniambia, ukitaka kuiona dunia nenda Barabara ya 42, pale pale Times Square. Nikawacheka. Mimi nimezaliwa Ngamiani, nimekua nikitumwa chumvi kutoka Barabara ya 8 hadi ya 9, utanitisha kwa barabara yenye namba? Ila za wenzetu zinapita 200.

Treni ya chini kwa chini ilikuwa senti 50. Mabehewa yalichorwa rangi ndani na nje, mpaka madirishani, hujui umefika kituo gani. Nikaibuka juu. Sehemu yenyewe yenye sifa ni fupi, kati ya Avenyu ya 7 na ya 8, sigara moja inakutosha kuimaliza. Lakini kila upande ni majumba ya sinema, ukuta kwa ukuta, balbu zinakimbizana kwenye vibao na nyingine zimeungua. Katikati yake maduka ya visu na saa za bandia, na vijumba vya kuchungulia: unatumbukiza senti 25, kidirisha kinafunguka, muda ukiisha kinajifunga. Hayo naishia hapo, ukurasa huu unasomwa na wakwe zangu.

Mimi ugonjwa wangu ulikuwa filamu za karate. Kwa dola chache unaangalia mbili, wakati mwingine tatu mfululizo, mpaka usiku wa manane. Ndani panatoa harufu ya bisi, mkojo na dawa ya choo. Safu za nyuma watu wamelala fofofo, maana tiketi ilikuwa rahisi kuliko kitanda cha gesti. Waliokuwa macho walipiga kelele: stelingi, nyuma yako! Nikajiona niko Majestic hapa Tanga, sikukuu ya Idi, tumebanana watatu kwenye viti viwili. Mzee mmoja pembeni yangu, mtu mweusi wa kule kule, alinigawia karanga bila kuniuliza natoka wapi. Sikumwelewa hata neno, na tulicheka pamoja saa nne nzima.

Nilipotoka nikakuta karata tatu. Ndiyo, hii hii ya stendi zetu! Boksi tupu la matunda, kijana ana vidole vya mpiga kinanda, na wapambe wake wanashinda mbele ya macho yako. Nikaweka dola 10, nikala. Nikaweka 40, ile ya redio niliyomwahidi mama. Mara mtu akapiga mluzi kona ya pili, boksi likapigwa teke, kijana, wapambe na redio ya mama vyote vikayeyuka. Polisi hata hakuwapo, nilikuja kuelewa siku tatu baadaye nikiwa baharini.

Sasa 1986. Nauli imekuwa dola moja, na mji umeingiwa na kokeini ya mawe, ile waliyoiita krak. Macho ya watu yalikuwa mengine. Karibu na kituo kikuu cha mabasi, pale Avenyu ya 8, mtoto ambaye hata ndevu hana alinifuata akiniuzia, nilipokataa akaniuzia mwili wake. Filamu ya kwanza sikuimaliza. Kwa hiyo anayelilia zamani, muulize kwanza analilia mwaka gani.

Kuhusu kusafisha, wengi humpa sifa zote meya Giuliani, aliyeingia 1994. Sifa anazo, lakini kazi ilianza kabla yake. Serikali ya jimbo ilitwaa majumba ya sinema ya mtaa ule mwaka 1990, kwa sheria ya kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma, na uhalifu ulianza kushuka miaka hiyo hiyo. Mwaka 1995 ikaja sheria ya mji: biashara za ngono zisikaribie shule, nyumba za ibada wala makazi. Polisi walikuwapo, ila aliyemng'oa mwenye vijumba ni hati ya kiwanja. Ukumbi wa Victory, wa tangu 1900, uliokuwa wa filamu chafu, ukafunguliwa Desemba 1995 kuwa wa maonyesho ya watoto. Jumba la sinema la Empire walilisogeza zima kwenye reli mwaka 1998, kama mita 50, kama mtu anayesogeza kabati. Na New Amsterdam, lililojengwa 1903, Disney wakalikarabati, na Novemba 1997 wakaweka pale mchezo wao wa Simba, The Lion King. Yaani mtaa ulionila redio, Wazungu wakawa wanalipa kusikia hakuna matata, mpaka mchezo ulipohamia ukumbi mwingine 2006!

Palikuwa patamu zaidi? Uchafu siulilii, mjukuu wangu, na yule mtoto wa 1986 simsahau. Ninachokikosa ni kile kiti. Kijana wa meli mwenye dola tano mfukoni alikuwa na pa kukaa mpaka usiku wa manane, na hakuna aliyemuuliza kitu. Mwambie kaka yako aulize bei ya tiketi ya mchezo, kisha anipigie.

Tokeni moja ya 1986, kisarafu cha kulipia treni, ninayo bado, ya manjano, katikati duara jeupe la chuma, ndani ya kopo la Kimbo pamoja na vifungo vya mashati. Wenyewe waliacha kupokea tokeni za kila aina 2003. Ukipita Ngamiani ulizia nyumba ya baharia, nitakuonyesha, ila usije Ijumaa mchana.