Matokeo ya NECTA na pesa ya shule: maswali yenu

Matokeo yakitoka tu, simu yangu hujaa. Safari hii wengi mmeuliza jambo moja kwa njia tofauti: alama za watoto zinatuambia nini kuhusu pesa inayoingia shuleni? Nimechagua matano. Zile za shikamoo nimeshaziitikia.

Shule yetu ya kata imefaulisha asilimia 90 kidato cha nne. Diwani anasema haihitaji pesa zaidi. Ana haki? (Mzazi, Pasua, Moshi)

Mwulize diwani hao tisini wamefaulu kwa daraja lipi. NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, ikisema mtoto amefaulu, inahesabu kuanzia daraja la kwanza hadi la nne, na la nne ni pana kama uwanja wa mpira. Twende kwa hesabu. Yanachukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Mtoto mwenye D mbili na F tano ana 8 jumlisha 25, yaani 33. Daraja la nne linaishia hapo hapo kwenye 33, kwa hiyo amefaulu. Na D yenyewe inaanzia alama 30 kwa 100.

Fungua ukurasa wa shule yenu kwenye tovuti ya NECTA, utaona jedwali dogo la madaraja, wasichana na wavulana. Tuseme wamefanya watoto 100: daraja la kwanza 2, la pili 8, la tatu 15, la nne 65, sifuri 10. Hiyo nayo ni asilimia 90. Sasa kumbuka kwamba kidato cha tano kinataka angalau C tatu, halafu uwatazame tena wale 65. Chapa jedwali hilo, nenda nalo kwenye kikao. Asilimia ibaki kwenye hotuba.

Ilboru ni ya serikali na inafaulisha. Si ushahidi kwamba tatizo letu sio pesa? (Baba wa wawili, Sakina, Arusha)

Hapana, baba. Ilboru ni ya vipaji maalumu na ya bweni. Inapokea watoto waliong'ara darasa la saba. Mtihani ule una jumla ya alama 300. A inaanzia 241, C inaanzia 121, na wote hao wanahesabiwa wamefaulu. Mwenye 250 na mwenye 125 wakianza kidato cha kwanza siku moja katika shule mbili tofauti, miaka minne baadaye utakuwa unapima nini hasa? Zaidi ni mahali walipoanzia. Tena mtoto wa shule ya kata mara nyingi amesoma kwa Kiswahili miaka saba, anafika sekondari anakuta baiolojia kwa Kiingereza.

Kama lazima ulinganishe, chukua matokeo ya kidato cha pili ya watoto walewale, uyaweke kando ya yale ya kidato cha nne. Hapo angalau utaona shule imewasogeza au imewaacha palepale.

Ruzuku inaingia lakini wastani wa shule yetu ya msingi hausogei. Inaliwa? (Mjumbe wa kamati ya shule, Kiboriloni)

Inawezekana, ila piga hesabu kwanza. Ruzuku ya uendeshaji shule za msingi imepangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Humo 4,000 ni za vitabu na hazipiti shuleni; zinazofika ni 6,000. Shule ya watoto 400 inapata milioni mbili na laki nne kwa mwaka, sawa na laki mbili kwa mwezi. Toa chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjwa, nauli ya mwalimu mkuu kwenda halmashauri. Mjumbe, hapo kimebaki nini cha kupandisha wastani?

Hata ikiongezwa, peke yake haitoshi. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza lilifanya jaribio lililoitwa KiuFunza katika shule 350 za wilaya 10. Shule 70 zilipewa ruzuku ya 10,000 kwa kila mtoto. Nyingine 70, walimu walipewa bonasi kwa kila mtoto aliyefaulu. Nyingine 70 zilipata vyote viwili, na 140 hazikupata kitu. Ruzuku peke yake haikupandisha alama. Zilipopanda kweli ni kule ruzuku na bonasi zilikokwenda pamoja. Wapo wanaosoma hapo kwamba pesa haina kazi. Mimi nasoma kwamba pesa inataka mwalimu mwenye sababu ya kuitumia.

Na taarifa ya mapato na matumizi ni haki yako kuiona. Iombe kabla ya kumtaja mtu.

Shule ya mwanangu imepanda ghafla, inapongezwa kila mahali. Mbona nina wasiwasi? (Mama, Majengo)

Hesabu watahiniwa, mama. Mwaka jana darasa la sita walikuwa wangapi, na la saba wamefanya wangapi? Shule moja aliyosoma mpwa wangu, watoto kumi na mmoja walirudishwa darasa mwaka mmoja kabla ya mtihani. Wastani ukapanda, keki ikakatwa. Mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa ulipoanza 2013 na shule kupangwa kwa nafasi, watafiti walikuta shule za mkiani zimepandisha ufaulu, na pia watoto wamepungua darasa la saba. Januari 2023 NECTA iliacha kutangaza kumi bora. Mimi nilifurahi.

Madarasa mapya yamejengwa, matokeo yatapanda lini? (Kijana, Njiro)

Yale madarasa 12,000 ya sekondari ya fedha za UVIKO-19 yalijengwa ili kidato cha kwanza cha Januari 2022 waingie wote kwa mkupuo mmoja. Pesa ile ipime kwa watoto waliopata pa kukaa. Matokeo, hasa zile F za hesabu, ni jambo jingine: uliza shule ina walimu wangapi wa somo hilo, na wangapi kati yao wanalipwa kwa michango yenu.