Barua kwa mwanangu: dadu za Locke

Mwanangu,

Umeniuliza wazo la kufundisha herufi kwa mchezo lilitoka wapi, na kama mjukuu wangu aanze hivyo au umtafutie mwalimu wa ziada. Wazo ni la kale, hata Warumi walikuwa na herufi za pembe za ndovu. Aliyelieleza hatua kwa hatua ni mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika kitabu chake cha malezi cha 1693, kilichotokana na barua alizomwandikia rafiki yake Edward Clarke.

Alitaka mpira wa pembe za ndovu wenye pande 24 au 25. Anza na herufi nne, au hata mbili, kila moja ukiirudia kwenye pande kadhaa; akizijua, ongeza moja, mpaka kila upande uwe na yake. Wakubwa wacheze kwanza huku yeye akitazama, washindane nani atatangulia kupata A. Mchezo ukiisha, uwekwe asipoufikia, asije akauchoka. Hapa ndipo wazazi wengi huharibu: hununua seti nzima, huimwaga sakafuni, kisha hupanga “saa ya herufi” kila jioni. Locke alishaonya kwamba mtoto ukimwamuru azungushe pia, kile kichezeo anachokipenda, kwa saa kadhaa kila siku, atakichukia.

Baada ya herufi zinakuja dadu nne: moja ya irabu sita (aliihesabu na Y), tatu za konsonanti 18. Mpango huo unafaa Kiingereza, ambacho maneno yake hujaa konsonanti. Kwetu silabi nyingi huishia na irabu, kwa hiyo tengeneza mbili kwa mbili. Dadu zote mbili za irabu ziwe na a, e, i, o, u, na a tena. Za konsonanti, moja iwe na b, k, l, m, s, t. Nyingine b, k, m, n, t, z. Utapata baba, kuku, tatu, meza, moto, soma, lima. Mb, ng' na mw zisubiri.

Lakini usimfanye Locke mtakatifu. Mchezo huo aliukusudia mwana wa bwana. Mwaka 1697 alipendekeza watoto wa maskini, wa miaka 3 hadi 14, wapelekwe shule za kazi wakasokote sufu.

Mwanafalsafa Rousseau, mwaka 1762, alizicheka dadu hizo. Kwake hamu ya kusoma ndiyo dawa: Émile, mtoto wa kubuni wa kitabu chake, aletewe vikaratasi vya mwaliko, akose wa kumsomea kwa wakati, chakula kimpite. Mimi naona vikaratasi vinafaa baada ya dadu, si badala yake. Kwa hiyo mwalimu wa ziada mwache kwanza. Mjukuu wangu akishaunda maneno kwa dadu, mwandikie “meza”, kikaratasi umpe na zawadi ndogo uiweke mezani, wala usimsomee.