Umri, Jinsia na Mazoea ya Mwendesha Baiskeli Mombasa

Nikiwa na miaka 19 nilikuwa nikisambaza mikate alfajiri kwa baiskeli, kutoka Majengo hadi Mwembe Tayari, na kwa kuwa kreti zilizofungwa kwenye keria zilinifanya nione tabu kuvuka barabara, nilizoea kupita upande usio wangu, nikikabiliana na magari. Asubuhi moja pikapu ilichomoza kutoka kichochoroni. Dereva alikuwa ametazama kulia, magari yanakotokea. Kushoto kwake, nilikokuwa mimi, hakutazamia mtu. Mikate ilitapakaa mtaroni, nami nikavunjika mtulinga.

Sasa nina miaka 53 na bado naendesha kutoka Kisauni hadi Ganjoni. Vijana huniuliza ni nani hasa aliye hatarini zaidi. Takwimu za nchi nyingi zinaonyesha kwamba ni wanaume. Marekani, kwa mfano, zaidi ya wanane katika kila waendesha baiskeli kumi wanaokufa barabarani ni wanaume. Sehemu ya sababu ni wingi wao tu, kama hapa kwetu ambako wauza madafu na wachukuzi wa maji karibu wote ni wanaume. Sehemu iliyobaki ni mazoea: kwenda usiku bila taa, kujipenyeza kati ya matatu mbili, kushika nyuma ya lori ili likuvute, na, tusifichane, kurudi nyumbani baada ya mnazi.

Wanawake wana tahadhari zaidi, lakini tahadhari nayo yaweza kuponza. London, ambako magari hupita kushoto kama kwetu, wengi wa wanawake waliouawa wakiendesha baiskeli waligongwa na malori, mara nyingi lori likikata kushoto huku mwendeshaji amebana ukingoni. Binti yangu alikuwa akibana hivyo hivyo pale Makupa, kwenye matrela yaendayo bandarini. Nilimsimamisha kando nikamwonyesha jinsi kichwa cha trela kinavyopinda huku matairi ya nyuma yakikata ndani zaidi, hadi yakakaribia kuparuza ukingo wa barabara. Aliyesimama hapo hana pa kukimbilia. Tangu siku hiyo hungoja nyuma ya trela, mahali anapouona uso wa dereva kwenye kioo cha pembeni, kwa maana usipouona uso wake, yeye pia hakuoni.

Watoto ni shauri jingine. Chini ya miaka kumi hivi, mtoto hawezi kukadiria vyema kasi ya gari linalomjia, na mitaani mwetu huongezewa balaa la baiskeli ya baba, anayoiendesha kwa kupitisha mguu chini ya paipu, asiweze kukanyaga chini anapotaka kusimama. Mnunulie ya kimo chake, hata iwe kuukuu. Kofia ngumu pia avae; haizuii ajali, ila hupunguza sana majeraha ya kichwa.

Kwetu sisi tunaozeeka, mifupa huvunjika upesi na shingo hukakamaa. Siku hizi nikigeuka kutazama nyuma, usukani hufuata shingo, kwa hiyo nimefunga kioo nilichokinunua kwenye duka la vipuri vya bodaboda. Na kwenye Daraja la Nyali, upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu, nashuka nikakokota baiskeli kwenye njia ya miguu. Vijana hunicheka. Wauza madafu wa rika langu hukokota pamoja nami.