Ofa tatu za uhandisi wa umeme, milioni 18 kwa mwaka: zisome kuanzia mwisho

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara mbili. Umemaliza kidato cha sita, PCM, una B ya Fizikia na B ya Hesabu, unaishi Tabata. Mkononi una ofa tatu za uhandisi wa umeme: chuo binafsi Malaysia, chuo kimoja India, na Ujerumani kwa masharti ya kupitia kwanza Studienkolleg, yaani kozi ya maandalizi kabla ya kuanza chuo kikuu. Malaysia wanataka kishika nafasi kabla ya mwisho wa mwezi. Mzee amesema uwezo wake ni shilingi milioni 18 kwa mwaka, kila kitu ndani. Wengi waliokujibu wamebishana nchi ipi ni nzuri. Nakuomba swali la nchi uliweke pembeni kwanza. Unachonunua ni programu moja, kwenye kampasi moja, na unainunua ili siku moja usajiliwe kuwa mhandisi. Basi anza kusoma kutoka huko mwisho.

Mwisho wenyewe uko hapa hapa nyumbani. Ukirudi na digrii ya nje, TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ndiyo inayoitambua, halafu Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, inakuandikisha kama mhandisi mhitimu. Baada ya hapo kuna mafunzo kazini chini ya mhandisi msimamizi, ule mpango wa miaka 3 unaoitwa SEAP, ndipo uombe kuwa mhandisi kamili. Digrii inayokwama mlangoni kwa TCU imekwama na ERB pia, na hapo miaka minne na fedha za mzee zinabaki kuwa karatasi ya kuombea kazi nyingine.

Chukua barua ya Malaysia, soma jina la digrii neno kwa neno. Kama limeishia kwenye "Engineering", endelea. Kama baada yake kuna neno "Technology", hiyo ni digrii ya teknolojia ya uhandisi, njia ya mteknolojia. Kuna mikataba ya kimataifa ya kutambuana digrii: hiyo iko chini ya Mkataba wa Sydney, wakati digrii za wahandisi ziko chini ya Mkataba wa Washington. Si digrii mbaya, lakini ni taaluma nyingine yenye usajili mwingine, na wakala hatakwambia. India usichanganyikiwe: BTech (Bachelor of Technology) ya kule ni digrii kamili ya uhandisi ya miaka 4, sawa na BE (Bachelor of Engineering) yao. Neno lile lile, maana tofauti kwa nchi, ndiyo maana lazima usome barua badala ya kusikiliza maelezo ya simu.

Sasa ithibati, na hapa ndipo wengi wanapopigwa. Mkataba wa Washington ni wa mwaka 1989, kati ya vyombo vinavyothibitisha digrii za uhandisi. Kila mwanachama anakubali kwamba programu aliyoithibitisha mwenzake inalingana na ya kwake. Malaysia imo tangu 2009, India tangu 2014, China tangu 2016. Ujerumani haimo, wao wanatumia nembo ya Ulaya ya EUR-ACE, na chombo kama ASIIN ndicho kinachoitoa. Tanzania nayo haimo kwenye orodha ya wanachama kamili, kwa hiyo usidhani mkataba utakubeba moja kwa moja hadi ERB. Thamani yake kwako ni kwamba kuna watu wa nje ya chuo waliokagua maabara, walimu na mitihani, na kwamba ukija kutaka kazi Afrika Kusini, Australia au Kanada hutaanza kujieleza upya.

Swali linaloulizwa vibaya kila msimu ni hili: "Chuo hiki kina ithibati?" Ithibati ya uhandisi haikai kwa chuo, inakaa kwa programu. Chuo kimoja kinaweza kuwa na umeme iliyothibitishwa na mekatroniki isiyothibitishwa, ghorofa moja, walimu wale wale. Malaysia orodha inatunzwa na Baraza la Ithibati la Uhandisi, EAC, nayo inaonyesha jina la programu, kampasi na miaka inayohusika. Tafuta jina lako la digrii kama lilivyo kwenye ofa. Kampasi nyingine ya chuo hicho hicho haihesabiki.

India ina mtego wake, na huo ndio unaokuhusu zaidi. Chombo cha kule ni NBA, bodi ya taifa ya ithibati, na ithibati yake ina ngazi mbili, Tier-I na Tier-II. Tier-I ni ya vyuo vikuu na vyuo vyenye mamlaka ya kujitungia mtaala na mitihani. Tier-II ni ya vyuo vilivyo chini ya chuo kikuu kingine, vinavyofundisha mtaala wa mama yao. Mkataba wa Washington unaigusa Tier-I peke yake. Chuo kitakwambia kwa dhati kabisa kwamba programu yake imethibitishwa na NBA, na ni kweli, ila ni Tier-II. Kwenye kichwa cha barua yako linaonekana jina la chuo kikuu, lakini chini, kwenye anwani ya mahali pa masomo, limeandikwa jina la koleji. Hiyo ni dalili ya kuuliza leo hii: programu ya umeme ya koleji hiyo ni Tier gani, na muda wake unaisha lini? NBA hutoa miaka 3 au 6. Ikiisha ukiwa mwaka wa pili si kosa, mradi chuo kina rekodi ya kuhuisha bila kuacha pengo.

Ukishajua ithibati, soma orodha ya masomo ya mwaka wa 3 na wa 4. Mwaka wa 1 kila mahali unafanana: kalkulasi, fizikia, michoro, programu ya kompyuta. Tofauti iko juu. Ofa ya Malaysia inasema umeme na elektroniki, na programu nyingi za jina hilo zinaegemea elektroniki na mawasiliano. Wewe umeandika unataka kufanya kazi kwenye gridi. Basi tafuta kwa majina: mashine za umeme, uchambuzi wa mifumo ya umeme mkubwa, ulinzi wa mifumo kwa rilei (vifaa vinavyogundua hitilafu na kuamuru umeme ukatwe), uhandisi wa volti kubwa, elektroniki ya umeme mkubwa. Ukikuta matatu kati ya hayo ni ya lazima, nzuri. Ukikuta yote ni ya kuchagua, uliza yanafundishwa kila mwaka au mpaka wanafunzi watimie idadi fulani. Bwawa la Julius Nyerere lina mashine 9, kila moja megawati 235, jumla 2,115, na umeme wake unatoka kwa laini ya kilovolti 400 hadi Chalinze. SGR, reli yetu ya kisasa, inavuta umeme wa kilovolti 25. Mhitimu wa umeme ambaye hajawahi kupanga rilei wala kufungua ripoti ya kipimo cha transfoma ataanza nyuma ya wenzake wa hapa nyumbani kwenye kituo chochote cha kupoza umeme. Waandikie idara, siyo ofisi ya udahili, uombe karatasi moja ya zoezi la maabara ya mashine za umeme. Idara yenye maabara inayofanya kazi inayo karatasi hiyo tayari.

Tuje kwenye hesabu ya mzee. Malaysia umesema ada ni ringiti 28,000 kwa mwaka. Kwa ringiti moja shilingi 590, hiyo ni milioni 16.52. Imebaki chini ya milioni moja na nusu ya chumba, chakula, bima, viza na nauli kwa miezi 12. Haitoshi. Usijidanganye na kazi ya muda: Malaysia mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa likizo tu, kwenye sehemu maalumu kama migahawa na hoteli, na India viza ya mwanafunzi hairuhusu kazi kabisa. India kwako ni ada dola 2,800 na hosteli yenye chakula dola 1,400, jumla 4,200. Kwa dola moja 2,600 ni milioni 10.92. Hapo kuna nafasi ya kupumua.

Na nafasi hiyo inahitajika. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu shilingi 2,300, na ndani ya 2024 ikavuka 2,600. Mzazi mwenye ada ya dola 4,000 aliongeza kama milioni 1.2 bila chuo kupandisha hata senti. Sasa ongeza kipengele cha ada kupanda. Dola 4,000 zikipanda asilimia 5 kila mwaka zinakuwa 4,200, kisha 4,410, kisha 4,630. Kwa miaka 4 ni zaidi ya dola 17,200, siyo 16,000. Kwa hiyo uliza kwa maandishi kama ada imefungwa hadi mwisho. Ukibadilisha fedha kwenye hesabu zako tumia bei ambayo benki inakuuzia dola, siyo bei ya katikati inayoonekana kwenye simu.

Ujerumani inasifiwa kwamba haina ada, na kwa vyuo vingi vya umma ni kweli, ingawa Baden-Württemberg wanatoza wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Tatizo lako ni akaunti iliyozuiliwa, ile ya kuthibitisha kwamba una fedha za kujikimu. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka, unaziweka zote kabla ya viza, halafu unaruhusiwa kutoa 992 kwa mwezi. Hata kwa euro moja shilingi 2,700 hiyo ni zaidi ya milioni 32, na kibali kikiisha unathibitisha tena. Muda nao: Studienkolleg ya wahandisi, T-Kurs, ni mihula 2, na kuingia huko kuna mtihani wa Hesabu na Kijerumani, mara nyingi kiwango cha B1 au B2. Ukianza sifuri pale Goethe-Institut Dar, hesabu miezi mingi kabla ya hata kufika. Kama mzee angeweza kuziweka hizo fedha ningekuambia uifikirie sana, hasa vyuo vya sayansi tumizi vyenye mihula 7, ECTS (krediti za masomo za Ulaya) 210, na muhula mmoja mzima kiwandani. Digrii ya mihula 6, ECTS 180, ni miaka 3, na ukirudi mahali penye digrii ya uhandisi ya miaka 4 utatakiwa kujieleza. Kwa milioni 18, iache bila majuto.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu: India, iwapo ni Tier-I. Ikiwa ni Tier-II, nafasi ya uhandisi wa umeme hapa nyumbani, UDSM, DIT au MUST, ni bora kuliko hiyo, na nasema hivyo kwa uzito wote. Usiiachie nafasi ya ndani mpaka viza iwe imegongwa kwenye pasipoti.

Ukifika kulipa, lipa kwenye akaunti yenye jina la chuo, kamwe siyo ya wakala. Wakala analipwa kamisheni na chuo, na TCU wana orodha ya waliosajiliwa, iangalie. Kwenye fomu ya benki ya kutuma fedha nje kuna kisanduku cha nani anabeba gharama: OUR (mtumaji), SHA (mnagawana) au BEN (mpokeaji). Watu huacha SHA kwa kutojua. Benki ya katikati inakata chake, chuo kinapokea pungufu ya dola 20 au 30, mfumo unaonyesha hujamaliza kulipa, na barua ya viza haitoki. Weka OUR, na kwenye maelezo ya malipo andika namba yako ya udahili, siyo jina la baba aliyelipa. Kabla ya hapo soma masharti ya kurudishiwa fedha: viza ikikataliwa wanarudisha kiasi gani, na ndani ya siku ngapi.

Majina pia yakague leo. Cheti cha NECTA, cha kuzaliwa, pasipoti na ofa viwe na majina yale yale, kwa herufi zile zile na mpangilio ule ule. Mohamed na Mohammed ni watu wawili machoni pa mfumo. Tofauti ikiwepo, itatue sasa kwa hati ya jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Chuo kitatoa digrii kwa jina la pasipoti, na miaka 4 baadaye TCU watalilinganisha na cheti chako cha kidato cha sita. Omba pia uthibitisho wa TCU kwamba hawana pingamizi na masomo yako ya nje kabla ya kusafiri. Ukifika India na viza ya zaidi ya siku 180, unajiandikisha FRRO, ofisi yao ya kuandikisha wageni, ndani ya siku 14. Na mwaka wa mwisho, kabla hujafunga begi, chukua mtaala kamili wa kila somo uliogongwa mhuri wa chuo. Ukiwa Dar ukiuomba kwa barua pepe, unaweza kusubiri miezi.

Waandikie chuo cha India usiku huu. Wakijibu, weka hapa jina la programu, jina la koleji na muda wa ithibati yao, tuilinganishe na orodha ya NBA. Namba ya pasipoti na ya udahili zifunike.